Neno, Mwili na Mtumwa: Uhakiki wa Lugha ya Imani juu ya Yesu katika Biblia za Kiswahili

Nia ya makala haya ni kupima jambo moja: jinsi Biblia za Kiswahili zinavyosema habari ya uungu na utu wa Yesu, na jinsi usemi huo unavyosikika masikioni mwa watu wa Dar es Salaam, hasa wa Kariakoo. Sikusudii kuamua nani mwenye haki katika imani. Hiyo si kazi ya mtu wa lugha. Lakini maneno yabebayo imani ni maneno kama mengine. Yana ngeli, yana minyambuliko, yana historia, na aliyeyachagua aliweza kuchagua vyema au vibaya. Kwa hiyo yafaa yahakikiwe kama tunavyohakiki maneno ya kitabu chochote.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa katika baraza moja ya kahawa karibu na Mtaa wa Sikukuu. Mzee mmoja wa Kiislamu, wa kuamkiwa na kila apitaye, alikuwa akizungumza na kijana Mkristo auzaye vitambaa duka la jirani. "Mjukuu wangu," akamwuliza, "katika Injili yenu mwasema Neno alikuwako. Kwa nini hamsemi lilikuwako? Neno si mtu." Kijana akacheka kwa adabu, akajibu, "Babu, ndivyo ilivyoandikwa." Mzee akasema, "Najua ndivyo ilivyoandikwa. Nauliza aliyeandika alitaka kusema nini. Mtu aliyekijua Kiswahili kiasi kile hakukosea ngeli." Nilimaliza kahawa yangu kimya, lakini swali lile lilinifuata hadi chuo kikuu, na haya niyaandikayo ni jibu langu kwa mzee yule.

Kwanza yatupasa kuona kwa nini swali kama hilo si la mchezo katika mji huu. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika mitaa yake Waislamu na Wakristo wamepanga chumba kwa chumba katika nyumba moja, na toka Msikiti wa Mtoro hadi kanisa la Kilutheri la Kariakoo si mwendo wa kumchosha mtu. Mwenye sikio atawajua hata Wakristo wenyewe kwa irabu moja ya mwisho: Wakatoliki husema Kristu, Waprotestanti husema Kristo.

Tangu miaka ya 1980 mji umezoea pia mihadhara, yaani mikutano ambamo wahubiri wa Kiislamu hulinganisha dini kwa kuisoma Biblia mbele ya watu. Njia hiyo ilipata nguvu kwa mfano wa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini (1918–2005), na hapa nchini kwa kitabu cha Musa Fundi Ngariba na Mohamed Ali Kawemba, Uislamu katika Biblia. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa mikutano yao. Hoja kuu ilikuwa ile ile kila mara: Yesu ni Mungu, au Yesu si Mungu. Mwaka 1998, mwezi wa Februari, ugomvi juu ya mahubiri yaliyodaiwa kuwa ya kashfa uliishia kwa watu kuuawa kwa risasi Mwembechai, Magomeni, ambako si mbali na Kariakoo. Mwaka 2001 mhubiri mmoja wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mungu, na mahakama ya wilaya ikamhukumu kifungo cha miezi 18, kwa sheria ya kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za watu wengine. Mahakama Kuu iliipunguza adhabu hata akatoka, ila hatia ikabaki. Mpaka mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilipoifuta hatia yenyewe, kwa kuwa kusudi hilo la kuumiza halikuthibitishwa.

Hivyo mtu alikaa gerezani kwa sababu ya kikanusho chenye silabi moja. Wanasheria wamekwisha kulizungumza shauri lile kwa upande wao. Mtu wa lugha naye ana neno la kusema, maana si hujibu ni, na hatuwezi kujua kilichokanushwa mpaka tujue kilichosemwa.

Kiunganishi ni ni kidogo sana katika Kiswahili. Hakina nafsi wala wakati, wala hakibadiliki kwa ngeli. Kwa sababu hiyo hubeba kazi mbili bila kuzitenga. Nikisema "Huyu ni Juma," namtambulisha mtu. Pande mbili za sentensi ni kitu kimoja. Nikisema "Juma ni fundi," nataja aina au sifa. Mafundi ni wengi, na Juma ni mmoja wao. Sasa tulichukue tamko lenye ugomvi. Tukilisoma kwa njia ya kwanza, Yesu na yule amwitaye Baba ni mmoja kwa nafsi. Lakini mafundisho hayo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa uzushi wa Sabellius katika karne ya tatu, na makanisa yote makuu huyakataa. Tukilisoma kwa njia ya pili, Yesu ni mmoja katika jamii ya miungu. Na hilo Mkristo hulikataa upesi kama Mwislamu. Wakristo wanalo jambo la tatu walitakalo, nalo halimo katika ni peke yake. Kwa hiyo mara nyingi mhubiri mmoja hukanusha jambo ambalo mwenzake hakulisema, na mwenzake hulitetea jambo ambalo hakulikusudia.

Kiyunani cha Injili ya Yohana kilikuwa na chombo ambacho sisi hatuna. Katika aya ya kwanza, pale inapotajwa kwamba Neno alikuwa pamoja na Mungu, jina la Mungu lina kitambulishi. Pale inaposemwa Neno alikuwa nani, jina hilo hilo halina kitambulishi. Wataalamu wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa karne nyingi, lakini angalau tofauti ipo na sikio la Myunani lilisikia. Kiswahili hakina vitambulishi vya namna hiyo. Mashahidi wa Yehova, katika tafsiri yao ya Kiswahili, wameitafuta tofauti hiyo kwa herufi, wakaandika mungu kwa herufi ndogo. Njia hiyo ina kasoro iliyo wazi: herufi kubwa na ndogo huonekana kwa jicho, wala hazisikiki. Katika mkutano wenye vipaza sauti, ambako Biblia husomwa kwa nguvu na watu husikiliza wamesimama, herufi haina kazi. Ikiwa Kiswahili kitasema jambo hili, hakina budi kulisema kwa chombo chake chenyewe.

Chombo hicho ndicho alichokigusa mzee wa baraza. Neno ni jina la ngeli ya ji-ma. Husemwa neno limetoka, neno lilikuwako. Biblia ya Muungano iliyochapishwa mwaka 1952, ambayo ilikuja kuwa kitabu cha Waprotestanti wengi na ndiyo isomwayo sana katika mihadhara, huanza Injili ya Yohana kwa kitenzi kulikuwako, chenye kiambishi ku cha mahali, ambacho hakimpi mwenye kutajwa ngeli yoyote. Hapo msikilizaji bado hajui kama Neno ni kitu au ni mtu. Kisha, hatua moja tu mbele, huja naye na alikuwako. Upatanisho umehamia ngeli ya viumbe wenye uhai, na tangu hapo haurudi nyuma.

Jambo lenyewe si geni katika sarufi yetu. Twasema kiboko amezama, kipofu anakuja, waziri amesema. Maumbo ya majina hayo si ya ngeli ya m-wa, lakini uhai wa mwenye jina huuvuta upatanisho. Hata Mungu mwenyewe kwa wingi ni miungu, kama mti na miti, na bado twasema Mungu anajua. Tofauti ni hii: kiboko ni jina la kiumbe hai tangu awali, lakini neno si jina la kiumbe. Katika ngano zetu tu ndimo tunamosikia jua akasema, au jiwe akajibu, na hapo twajua kuwa kitu kimepewa nafsi kwa muda wa hadithi. Wafasiri wa Biblia walichukua uwezo huu wa lugha wakautumia bila kusema ni hadithi. Kwa irabu moja, a badala ya li, walisema kwamba Neno ni mwenye nafsi, tena wa tangu mwanzo; wala hawakulazimika kuongeza neno hata moja la maelezo. Kiyunani hakingeweza kuonyesha hivyo, maana jina lake la neno ni la jinsi ya kiume tangu asili, na kiwakilishi chake kingekuwa cha kiume hata kama lingetajwa neno la kawaida la sokoni. Basi hapa Kiswahili kinasema waziwazi kuliko lugha iliyofasiriwa.

Na yafaa kuangalia upande wa pili wa baraza. Kurani pia yamwita Isa neno litokalo kwa Mungu, katika Sura ya Al-Imran aya ya 45 na katika Sura ya An-Nisaa aya ya 171. Kwa Kiarabu kalima ni jina la jinsi ya kike. Lakini katika ile aya ya 45, linapofuata jina la huyo neno, kiwakilishi ni cha kiume, ismuhu, kwa kuwa anayetajwa ni Masihi mwana wa Mariamu. Yaani sarufi ya Kiarabu ilifanya hapo jambo lile lile iliyolifanya sarufi ya Kiswahili: iliacha umbo la jina, ikamfuata mwenye jina. Imani hazikuwa moja kwa sababu hiyo. Wafasiri wa Kurani hueleza kwamba Isa aliitwa neno kwa kuwa aliumbwa kwa amri ya Mungu, Kuwa, naye akawa. Wakristo husema Neno hakuumbwa. Lakini ni jambo la maana kwamba pande mbili zinazobishana kwa ni na si zina vitabu viwili ambavyo, kwa sarufi, vimetembea hatua moja ya njia pamoja.

Tukitoka katika Neno twaingia katika mwili, na hapa kitenzi ndicho cha kuhakikiwa. Biblia ya Muungano hutumia alifanyika. Msomaji apime jinsi mzizi mmoja, fanya, unavyoweza kuigawa historia nzima ya mabishano ya kanisa la kale. Tukisema alijifanya mtu, tumesema kwamba alionekana tu kuwa mtu naye hakuwa. Hiyo ndiyo imani ya wale wa karne za mwanzo waliosema kwamba mwili wa Yesu ulikuwa kivuli. Tukisema alifanywa, tumemtaja mtendaji mwingine aliyemfanya, na tumekaribia fundisho la Ario wa Iskanderia, ambalo Mtaguso wa Nikea ulilikataa mwaka 325 kwa kushika kitenzi kuzaliwa na kukanusha kuumbwa. Tukitoka katika mzizi huo tukasema aligeuka kuwa mtu, tumesema aliacha kuwa alivyokuwa. Na Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 uliikanusha hasa maana hiyo, uliposema kwamba uungu na utu wake u katika nafsi moja bila kugeuka na bila kuchanganyika. Na tukisema alivaa mwili, kama wahubiri wengi wasemavyo, twafuata mfano ambao hata mababa wa kanisa la kale waliutumia. Lakini vazi huvuliwa. Mtu wa Kariakoo huvaa kanzu Ijumaa au suti Jumapili, na jioni huitundika. Haikosi msikilizaji atajiuliza kama mwili ule nao ulitundikwa.

Alifanyika lilikuwa chaguo la busara kwa wakati wake. Kinyambuo cha -ik- humficha mtendaji na kuonyesha hali iliyofikiwa. Hivyo wafasiri waliepuka kujifanya, wakaepuka na kufanywa. Lakini lugha imesogea. Kijana wa leo akisikia kitenzi hiki hufikiri juu ya kikao kilichofanyika jana, au kazi isiyofanyika kwa fedha zilizopo. Tafsiri ya Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ilikiacha kitenzi hicho ikasema akawa. Hilo ni bora. Akawa ni kitenzi cha kila siku, na kiambishi -ka- chaonyesha tukio lililofuata matukio mengine katika wakati. Lakini watu hao hao waliliacha neno mwili, wakaweka mwanadamu. Hapo naona hasara. Mwanadamu ni jina la jamii. Mwili ni kitu kinachouma, kinachochoka, kinachooshwa na kuzikwa. Mwandishi wa Injili angeweza kutumia jina la mtu, na hakulitumia. Kama ningeulizwa, ningechukua kitenzi cha Habari Njema na jina la mwaka 1952.

Wakatoliki wana jina lao la tukio hili, umwilisho, na umbo lake lastahili kuangaliwa. Limeundwa juu ya mwili pamoja na kiambishi chake mw-, kana kwamba neno lote ni mzizi mmoja. Hali kadhalika husemwa umungu katika vitabu vyao, ambapo wengine husema uungu. Umungu hulichukua jina Mungu zima bila kuligawa. Uungu huondoa m- na kuweka u-, kama utu utokavyo katika mtu. Kwa sarufi ya Kibantu uungu ndilo umbo la kawaida zaidi. Lina na faida nyingine: huweka uungu na utu katika mizani moja, maneno mawili yaliyoundwa kwa njia moja, moja la Mungu na moja la mtu. Ila mhubiri asisahau kwamba utu kwa Mswahili ni zaidi ya umbile la kibinadamu. Mtu asiye na huruma huambiwa hana utu, ingawa ana mikono na miguu. Kwa hiyo anayesema Yesu ana utu amesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba alikuwa mtu, na kwamba alikuwa mwema kwa watu. Sioni haja ya kuitenga maana moja na nyingine. Lugha imewapa Wakristo zaidi ya walichoomba.

Sasa tuje kwenye Waraka kwa Wafilipi, sura ya pili, ambapo Paulo anamtaja Yesu kwa hali mbili, ya Mungu na ya mtumwa. Biblia ya Muungano hutumia neno namna katika sehemu zote mbili. Namna ni neno dhaifu kwa kazi hii. Sokoni mtu huuliza mchele wa namna gani, na hujibiwa kwamba zipo namna nyingi. Habari Njema imechagua asili kwa upande wa uungu. Neno hilo lina uzito, lakini nalo lina mtego: tukisema fulani kwa asili ni mtu wa Kilwa, mara nyingi twamaanisha kwamba sasa yuko kwingine. Naamini wafasiri waliuona mtego huo, ndiyo maana wakaweka daima karibu nalo ili kuuzuia. Neno linalohitaji mlinzi si neno baya, lakini si neno lililotosha. Mimi ningependelea hali, ambalo Habari Njema yenyewe imelitumia kwa upande wa pili.

Katika upande huo wa pili tafsiri mbili zimeachana kwa jambo kubwa zaidi. Ya mwaka 1952 yasema mtumwa. Habari Njema yasema mtumishi. Sababu ya kulegeza twaweza kuielewa. Mtumwa ni neno zito katika pwani hii. Biblia nzima ya kwanza ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1891, ilitokana na kazi iliyoanzishwa Unguja na Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Na kanisa kuu alilolijenga lilisimamishwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Waliolisikia neno hilo likisomwa huko, baadhi yao walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa. Hawakuhitaji kamusi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo neno halikupasa kulegezwa. Mtumishi wa leo ana mshahara, likizo na kiinua mgongo. Paulo anaishusha habari yake ngazi kwa ngazi mpaka kifo cha msalaba, na msalaba kwa Warumi ulikuwa hasa adhabu ya watumwa. Ukimweka mtumishi katika ngazi ile, ngazi inayofuata haifahamiki. Kwa nini mtumishi asulubiwe? Na mji wenye mtaa ulioitwa kwa jina la wapagazi, ambao wenzao kwa maelfu walikufa njiani wamebeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, waweza kulivumilia neno mtumwa na kulielewa.

Kuna na jambo jingine ambalo lugha yenyewe imeliweka hapa, na sidhani kama mfasiri yeyote alilipanga. Mtumwa ni yule aliyetumwa. -W- ni ya kutendwa. Mtume pia, kwa umbo lake, ni aliyetumwa, kama mteule alivyo aliyeteuliwa. Maneno mawili haya ni ndugu wa tumbo moja. Mwislamu wa Kariakoo akisema Isa ni Mtume, amemheshimu kwa neno la juu kabisa alilo nalo kwa mwanadamu. Mkristo akisoma kwamba Yesu alitwaa hali ya mtumwa, amesoma neno la chini kabisa. Mzizi ni mmoja. Na Waraka kwa Waebrania, sura ya tatu, humwita Yesu Mtume bila kificho, jambo ambalo wahubiri wa Kikristo hulitaja kwa nadra. Mtu akitaka kuanza mazungumzo badala ya mashindano, hapa pana mlango.

Imebaki mwana. Hapa ndipo penye maumivu makubwa, kwa kuwa Sura ya Ikhlas inakanusha kabisa kwamba Mungu huzaa au huzaliwa. Wafasiri walitenga vizuri mwana na mtoto. Mwana ni neno la heshima na la uhusiano. Wanawake wa pwani waliitwa kwalo, kama Mwana Kupona mtunzi wa utendi wa mwaka 1858, na sisi sote tu wananchi bila ya nchi kutuzaa. Mwanamaji hakuzaliwa na maji. Baadhi ya Wakristo hujitetea kwa mifano hiyo, na mifano ni kweli. Lakini haitoshi, wala si uaminifu kuishia hapo, maana Nikea haikuridhika na uhusiano, ilisema kuzaliwa. Lililo wajibu ni kueleza kwamba kuzaliwa huko hakuna mama wala wakati. Ni afadhali kulieleza neno gumu kuliko kulificha nyuma ya neno jepesi.

Kuhusu jina la pili, Mwana wa Adamu, limetokea jambo la ajabu. Kwa Mswahili hilo ni mwanadamu, ni binadamu, yaani mtu tu. Basi wasikilizaji wengi hudhani kwamba Mwana wa Mungu ni jina la uungu wake na Mwana wa Adamu ni jina la utu wake. Lakini katika kitabu cha Danieli, sura ya saba, mfano wa mwanadamu huja na mawingu na kupewa ufalme usiokoma. Na Yesu mbele ya kuhani mkuu alilitaja jina hilo pamoja na mawingu yale, na hapo ndipo aliposhtakiwa kukufuru. Habari Njema imesema Mwana wa Mtu, karibu zaidi na Kiyunani, ambacho hakimtaji Adamu. Hata hivyo silaumu jina la zamani. Jina la unyonge lililobeba enzi ndilo fundisho lenyewe ambalo makala haya yamekuwa yakilifuata tangu mwanzo.

Kwa ufupi, hukumu yangu ni hii. Wafasiri wa Biblia za Kiswahili walifaulu pale walipoiamini sarufi ya Kiswahili: katika upatanisho wa Neno, katika kuchagua mwana badala ya mtoto, katika ujasiri wa mtumwa. Walipungukiwa pale walipotafuta jina moja la kufunga hoja nzima, kama namna na asili. Na sisi wasemaji tumepungukiwa zaidi, kwa kuliacha yote yaliyomo katika viambishi na minyambuliko tukapigana kwa ni na si. Imani iliyoandikwa kwa vitenzi haiwezi kutetewa wala kupingwa kwa kiunganishi kisicho na nafsi wala wakati.

Nilimrudia mzee katika baraza lile lile, nikamweleza habari ya ngeli, kisha nikamtajia ismuhu. Akanyanyua kikombe chake akasema, "Mwalimu, hilo la ismuhu nalijua tangu chuoni, nikiwa mtoto. Nilitaka kujua kama nao wanalijua lao."